Umewaambia Nini Hata Wanihurumie?

Ukalimani wangu wa kwanza jukwaani niliufanya nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Ilikuwa upande wa Likoni, baada ya alasiri, kwenye kiwanja ambacho asubuhi kina wauza mkaa na jioni kina watoto wa mpira. Jukwaa lilikuwa mkeka mmoja, na pazia ni leso mbili zilizotundikwa kwenye kamba ya nguo. Wageni watatu waliokuja kuona kazi yetu walipewa viti vya plastiki. Mimi nikapewa ile ndoo, katikati yao, niwanong'oneze kwa Kiingereza kila kinachosemwa. Wenye mtaa wao walisimama.

Maigizo nimeyaanza tangu shuleni, na tafsiri tangu nilipogundua kwamba maigizo hayalipi kodi ya nyumba. Mchana nakaa kwenye kijiofisi cha kupiga chapa karibu na Mwembe Tayari, natafsiri vyeti vya ndoa, viapo vya mahakamani, mikataba ya kazi za Arabuni, barua za wanaodai na za wanaodaiwa. Jioni nakwenda mazoezini na kundi letu. Kwa miaka mingi nilidhani hizo ni kazi mbili. Siku ya ile ndoo ndipo nilipojua kuwa ni moja, na kwamba nilikuwa naifanya vibaya.

Lakini kabla sijafika kwa bibi aliyenifunza hilo, nieleze mchezo wenyewe, maana si ule wa kukaa, kutazama na kupiga makofi. (Sisi wa Mvita husema mtezo, na kuteza. Nikiandika "mchezo" hapa, mkono unatii vitabu. Ulimi bado.)

Aliyeuanzisha, Augusto Boal, alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1931. Alisomea uhandisi wa kemia, akaishia kwenye ukumbi wa michezo São Paulo. Mwaka 1971 utawala wa kijeshi wa Brazili ukamkamata na kumtesa, na alipotoka akaenda uhamishoni Argentina. Mwaka 1973 alikuwa Peru, kwenye mpango wa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Siku hizo waigizaji wake walikuwa wakichukua tatizo la mtu, wanaliigiza mpaka lifike pabaya, halafu wanasimama na kuwauliza watazamaji: afanyeje? Watazamaji wanatoa shauri, waigizaji wanaliigiza shauri hilo.

Huko Peru, kama Boal mwenyewe alivyosimulia, akaja mama na kisa chake. Mumewe alikuwa akimpa karatasi amwekee, akimwambia ni za nyumba anayowajengea. Mama hakujua kusoma. Siku moja akampelekea jirani amsomee, kumbe zilikuwa barua za mapenzi kutoka kwa mwanamke mwingine. Na mume yuko njiani anarudi. Afanyeje? Wengine wakasema amfungie mlango, wengine wakasema alie. Mama mmoja mwenye mwili mkubwa akasema: azungumze naye waziwazi, kisha amsamehe. Waigizaji wakaigiza mke anazungumza na mumewe. Yule mama akasema sivyo. Wakarudia, mke akapandisha sauti kidogo. Sivyo. Wakarudia tena. Sivyo! Alikuwa amekasirika sasa, anaona wanamfanyia maskhara. Boal akamwambia basi panda wewe utuoneshe. Akapanda, akashika ufagio, akamshushia yule mwigizaji kipigo cha haja. Alipomaliza akamwambia mambo yamekwisha, nenda jikoni ukaniletee chakula.

Hiyo ndiyo iliyokuwa maana yake ya "waziwazi".

Watu husimulia kisa hiki kwa kicheko, na kweli kinachekesha. Mimi hunikaa kooni. Wale waigizaji hawakuwa wabaya, wala hawakuwa viziwi. Walilisikia neno la mama wakalipima kwa kibaba chao wenyewe, mara tatu, na kila mara likatoka jepesi kuliko lilivyoingia. Aina nzima ya maigizo ilizaliwa kwa sababu mtu alichoka kutafsiriwa.

Tangu hapo kanuni ikawa hii: igizo linachezwa mara ya kwanza mpaka mwisho wake mbaya. Linaanza upya, na mtu yeyote aliyesimama pale ana ruhusa ya kupiga kelele "Simama!", akamgusa bega mwigizaji, akachukua nafasi yake na kujaribu njia nyingine. Baadaye Boal alichaguliwa diwani wa jiji la Rio, kuanzia 1993 hadi 1996, akawa anapeleka maigizo mitaani, na yale watu waliyojaribu mkekani akayafikisha baraza la jiji. Sheria 13 zilipita kwa njia hiyo. Sijawahi kumwambia mwakilishi wa wadi yetu habari hii. Nangoja siku atakayokuja kiwanjani bila maikrofoni.

Mchezo wa namna hii unataka msimamizi wa kuzungumza na watazamaji na kuwatia hamu ya kuingia. Boal alimpa jina la karata ile isiyo ya kopa wala shupaza, inayokaa popote. Kwa Kiingereza nayo ina jina lake, *joker*, na jina hilo ndilo tuliloletewa kwenye semina. Kijana wetu, katika onyesho la kwanza kabisa, akajitokeza mbele ya umati kwa furaha, mikono juu, akasema: "Mimi ndiye joka wenu leo!"

Watoto wawili wakalia. Mama mmoja akasema, lo, na sisi tumekuja na wana wachanga.

Mzee mmoja wa barazani Kibokoni, ambaye sisi sote tunamwita Ami ingawa hana udugu na yeyote kati yetu, alipata habari hizo kabla hatujavuka feri kurudi. Alitucheka wiki nzima. Kila nikipita, "Hujambo, mama wa joka?" Siku ya nne akanikalisha, akaagiza kahawa, akaniuliza kwani karata hatuzijui. Kopa, shupaza, uru, pao, ree: yote hayo ni maneno ya Kireno. Karata yenyewe, Kireno. Meza, leso, Kireno. Walituletea mizinga, wakaanza kuijenga Ngome mwaka 1593, na walipoondoka wakatuachia mchezo wa karata na neno gereza, ambalo wataalamu wanasema lilitokana na neno lao la kanisa. Halafu Waingereza wakaja kuigeuza Ngomeni kuwa gereza kweli, kuanzia 1895 mpaka 1958. "Sasa huyo Mreno wenu wa Brazili," Ami akasema, "si mgeni. Amekuja kuulizia vitu vyake."

Kisha akatupa jina. Mtu anayesimama kati ya pande mbili, anayebeba maneno ya huku kuyapeleka kule, ambaye si wa nyumba hii wala ile, sisi tuna jina lake siku zote. Mshenga.

Tukalichukua hapohapo. Na kwa yule mtazamaji anayeingia mkekani, ambaye Boal alimtungia jina kwa kuunganisha mtazamaji na mwigizaji, tulihangaika na majina marefu kama treni mpaka muuza kahawa, ambaye hakuwa hata kwenye mazungumzo, akasema: si mgeni wa siku ya tatu huyo? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpewa jembe. Wasomi watapata lao, na huenda likawa bora. Kiwanjani tunasema, "Nani anataka jembe?", na watu wanaelewa.

Mshenga lilikuwa jina zuri mno, na uzuri wake ndio ulionitia matatani. Kwa sababu mshenga hodari tunamjua sote. Akitumwa na maneno makali hufika na matamu. Baba wa binti akisema "hao watu wa mahari ya kukopa wasinisumbue", mshenga atafika upande wa pili aseme "mzee anaomba muda wa kushauriana na ndugu." Ndoa nyingi za Mombasa zimesimama juu ya uwongo wa aina hiyo, na si mimi wa kuzibomoa. Nilipokalia ile ndoo, nilikalia kama mshenga.

Igizo la siku hiyo lilihusu ardhi. Familia iko kwenye shamba lake, anakuja mpima na kamba yenye mafundo, pamoja na askari, wametumwa na mwenye hati anayekaa mbali. Mara ya kwanza familia inahamishwa, godoro linabebwa kichwani, basi. Mara ya pili kijana mmoja alipiga kelele "Simama!", akaingia kwa ngumi. Mshenga akamuuliza umati: naam, na baada ya ngumi? Umati ukasema: rumande. Mwalimu akaingia, akataka kuandika barua kwa chifu. Umati ukaguna ule mguno wa watu waliokwisha kuandika barua.

Ndipo akaja bibi. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, mwembamba, mrefu, anatembea kama mtu asiye na haraka wala hofu ya kuchelewa. Akamgusa bega mwigizaji wetu aliyecheza mama wa familia. Akaketi mkekani, akanyoosha miguu.

"Bibi, tunakuomba utupishe," mpima akasema.

"Kaa kitako," bibi akamwambia.

Mpima akakaa. Haikuwa kwenye mazoezi, lakini angesimamaje?

"Mimi siombi mtu hapa," bibi akaanza, taratibu. "Mimi nadai. Huyo mumwitaye mwenye shamba, mimi namdai. Namdai minazi aliyopanda babu yangu. Namdai kisima. Namdai makaburi matatu yaliyo nyuma ya ule mwembe. Kamwambieni alete hesabu yake, nami nilete yangu, tuone nani atamlipa nani."

Kiwanja kizima kikalipuka. Watu wakapiga vigelegele, mtu akapiga debe. Nami, kwa sauti yangu laini ya ofisini, nikawanong'oneza wageni kwamba bibi anasema familia yake imeishi hapa kwa muda mrefu, na anaomba wahusika wamfikirie.

Mgeni aliyekuwa kulia kwangu akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Macho yakamlengalenga. Alikuwa mtu mzuri, nasema kwa dhati.

Bibi akamwona. Akamwangalia yule mgeni kitambo, akawaangalia na wenzake, halafu akanigeukia mimi.

"Wewe mwanangu. Umewaambia nini hata wanihurumie?"

Hakujua Kiingereza hata neno. Hakulihitaji. Alikuwa amesema maneno ya mtu anayedai, na nyuso zilizomrudia zilikuwa za watu wanaotoa sadaka, akajua mara moja kwamba kuna kitu kimepotea njiani, na njia yenyewe ilikuwa mimi.

Nimeshajiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya vile. Sababu nilikuwa nazo, na zote zilivaa nguo za heshima. Nililelewa kwamba mgeni hupokewa kwa maneno laini. Nilihofia wageni wataona tumewapangia wanakijiji hasira. Nilihofia pia, niseme ukweli, ile bahasha ya nauli na maleba ambayo kundi letu lilikuwa likiitarajia. Na chini ya hayo yote kulikuwa na mazoea tu. Kiswahili changu cha kazi, cha barua na semina, kimejaa kuomba. Tunaomba kuwasilisha, tunaomba mtufikirie, tunaomba radhi. Neno lilipopita kichwani mwangu likakuta mlango mmoja tu uko wazi, likatokea hapo.

Lakini kudai si kuomba kwa sauti kubwa. Nadai maana yake nasema kitu hiki ni changu. Namdai fulani maana yake ana deni langu. Maana zote mbili ziko ndani ya kitenzi kimoja, huwezi kuzing'oa. Kwa Kiingereza mtu mwenye deni lake ni sentensi moja, na mtu anayepigania haki yake ni sentensi nyingine, lazima mfasiri achague. Bibi hakuchagua. Alisema ardhi hii ni yangu na aliyeichukua ananidaiwa, yote kwa pumzi moja. (Nimeona nimeandika "ananidaiwa". Naliacha hivyo hivyo. Sarufi itanisamehe, hata lugha inapinda ikibebeshwa kisa hiki.) Magazeti nayo yana matumizi yao ya neno hilihili: "inadaiwa kwamba", yaani hatuna hakika, tusilaumiwe. Kwa mwenye shamba nadhani hiyo ndiyo maana anayoipenda.

Na kuna historia iliyofanya neno hilo liume zaidi Pwani kuliko penginepo. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani, ule wa maili kumi uliokuwa chini ya jina la Sultani wa Zanzibar. Kila mwenye ardhi alitakiwa alete madai yake yaandikwe. Madai. Ardhi ambayo hakuna mtu binafsi aliyeidai ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Mwingereza. Waliokuwa na njia ya kufika mbele ya afisa, wenye watu wa kuwaandikia, walidai. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na mtu mmoja wa kusimama na kusema "yangu", hawakuingia daftarini. Wajukuu wao ndio leo wanaitwa maskwota kwenye mashamba walikozikwa babu zao. Kwa hiyo bibi wa mkekani, alijua au hakujua tarehe, alikuwa analeta madai yake mbele ya afisa, akiwa amechelewa miaka mia na ushei. Na karani aliyeketi kwenye ndoo akaandika: anaomba.

Nilisimama. Ndoo ilianguka, nakumbuka sauti yake.

"Nimewaambia unaomba, bibi."

"Basi waambie upya."

Nikawaambia upya. Ilinichukua muda, kwa sababu niliamua kuliacha neno lenyewe kama lilivyo, nikalitamka kwa Kiswahili, nikalieleza pande zake zote, nikaja kwenye minazi, kisima, makaburi. Yule mgeni akautoa mkono kifuani. Huruma ilimwondoka usoni, na kilichokuja mahali pake hakikuwa kizuri kukitazama, lakini kilikuwa cha haki zaidi: mtu anayejiuliza yeye yuko upande gani wa deni. Bibi akatikisa kichwa, akamrudia mpima. "Haya. Tuendelee."

Wale wageni hawakurudi, na bahasha haikuja. Huenda ilikuwa kwa sababu nyingine kabisa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasoma wafasiri walionitangulia kwa jicho jingine, natafuta ni wapi walilainisha na ni wapi walikataa. Mwalimu Nyerere, kwa mfano. Tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare, ile ya Kaizari, ilitoka mwaka 1963. Mwaka 1969 akatoa ya pili, ya yule mfanyabiashara wa Venice, na akaiita *Mabepari wa Venisi*. Wazee wa Mombasa waliokulia karibu na maduka ya Wahindi wanajua kwamba bepari asili yake ni neno la Kihindi la mfanyabiashara tu. Kwa hiyo mtu hawezi kusema Mwalimu alikosea. Ila mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno bepari lilikuwa limeota pembe, na aliyelichagua ndiye aliyelitangaza Azimio. Mkono ule haukulainisha. Unaweza kubishana na uamuzi wake, nami hubishana nao kila nikifika kwa Shylock, mkopeshaji wa tamthilia hiyo. Lakini unauona, uko kwenye jalada, haujajificha nyuma ya ndoo.

Ebrahim Hussein yeye aliandika tamthilia ya *Kinjeketile*, ikachapishwa 1969, kisha akaifasiri kwa Kiingereza mwenyewe. Zamani nilidhani ni bidii ya kijana. Siku hizi nadhani hakutaka washenga.

Na wa kwetu hapa, Abdilatif Abdalla, alifungwa miaka mitatu kwa waraka ulioitwa *Kenya: Twendapi?*, na mashairi ya gerezani yakawa *Sauti ya Dhiki*, 1973. Baadaye akaifasiri riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana kwa Kiswahili. Mtu aliyeyajua maneno kwa bei yake, halafu akabeba ya mwenzake. Kuhusu Kamĩrĩĩthũ, ule ukumbi wa kijijini kule Limuru, sina haja ya kurefusha, kila Mkenya wa maigizo anaijua: mwaka 1977 wakulima na vibarua wakaigiza maisha yao kwa Kikuyu, kibali kikafutwa, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Mtu akiniambia kuigiza mkekani ni kupoteza wakati, namuuliza mbona serikali ilipoteza wakati wake kubomoa.

Mahakamani mkalimani huapa. Hilo nalo nililifikiria sana. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya kesi, na Ibara ya 49 inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Ni maneno mazuri. Nimewahi kumsindikiza jirani kwenye kesi ya mpaka wa kiwanja, akaeleza kwa Kigiriama dakika tano nzima, akionyesha kwa mkono mti uko wapi na njia ilipita wapi, na kilichofika kwa hakimu kilikuwa: anakana. Huenda kisheria ilitosha. Jirani alishuka kizimbani akaniuliza, "Ule mti amemwambia?" Mkalimani yule aliapa. Mimi kwenye ndoo sikuapishwa na mtu, ndiyo maana nimelazimika kujiapisha mwenyewe, na sina msahafu wa kazi hiyo zaidi ya sura ya yule bibi.

Kazi yetu ya sasa inahusu wasichana waliorudi Arabuni. Hii imenisumbua kuliko ile ya ardhi. Huko walikuwa wakiitwa *kadama*, na wamerudi nalo neno hilo, wanaitana kwalo kwa utani mchungu. Ni neno la Kiarabu, na sisi tuna ndugu zake wa tumbo moja: hadimu, mhudumu, huduma. Msichana anapanga foleni kwenye kituo cha Huduma achukuliwe alama za vidole kwa ajili ya cheti cha tabia njema, ili aende kuwa kadama. Neno moja, mlango wa kuingilia lina salamu, mlango wa kutokea lina matusi. Nilipowaeleza hilo mazoezini walicheka mpaka mmoja wao akatoka nje, na alipokaa sana tukamfuata.

Swali likawa mwajiri wa kwenye igizo azungumze lugha gani. Akizungumza Kiswahili, watazamaji watamwona ni mama mkwe mkali tu, tunaye mtaani. Tukaamua azungumze Kiarabu, na nikasema sitatafsiri. Kwenye onyesho la kwanza, Majengo, watu walicheka waliposikia "yalla, yalla". Kisha kicheko kikafifia. Wengi waliokuwa pale wamepita madrasa, masikio yao yamezoea lugha ile ikisomwa kwa makini, ikinukia udi, na sasa inamkaripia mtoto wa watu kwa sababu ya sahani. Mzee mmoja akasimama, akanung'unika kwamba tunaidhalilisha lugha ya Qurani. Nilimwelewa. Sikuwa na jibu.

Msichana aliyecheza kadama, ambaye hakuwa akicheza sana, akajibu bila kutoka kwenye nafasi yake, akiwa bado amepiga magoti na kitambaa cha kudekia mkononi: "Ami, hata mimi nilishtuka hivyo hivyo siku ya kwanza."

Mzee akakaa. Baadaye aliomba jembe.

Likoni tulirudi baada ya miezi kama saba, na igizo lilelile lililorekebishwa. Mpima sasa anakaa kitako tangu mwanzo, bibi alitufundisha. Kulikuwa na wageni wengine, wawili safari hii, na viti vilevile vya plastiki, na ndoo ileile, nadhani, maana ilikuwa na rangi ya kijani iliyokauka ukingoni.

Bibi alikuja mapema. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Leo unawaambia tena?"

"Nawaambia, bibi."

Akamvuta mkono kijana aliyekuwa nyuma yake, mrefu kama yeye, sare ya shule, soksi zimeshuka. "Huyu mjukuu wangu. Yuko fomu ya pili, Kiingereza anakijua. Atakaa hapo nyuma yako."

Kijana akanisalimia kwa haya, akatafuta tofali, akaliweka nyuma ya ndoo yangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Bibi akasimama pembeni yake, ameegemea mwembe. Igizo likaanza. Mpima akaingia na kamba yake, akasema maneno yake ya kwanza, nami nikawainamia wageni nikanong'ona sentensi yangu.

Nyuma yangu kijana akakohoa.

Nikairudia.